Jinsi ya Kuipima Kamera ya Zumu Ndefu Kabla ya Kuinunua: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Dodoma na Kanda ya Kati

Namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi la kamera ya zumu ndefu, iwe 60, 83 au 125, ndiyo inayoiuza kamera hiyo, na ndiyo inayomsaidia mnunuzi kidogo kuliko namba nyingine zote. Mpiga picha wa Dodoma anayetaka kuwafuatilia ndege wa Bwawa la Hombolo, heroe wa Ziwa Singidani au wachezaji wa Uwanja wa Jamhuri anahitaji kujua jambo jingine kabisa: lenzi ikishavutwa hadi mwisho wake, picha inatoka ya namna gani katika mwanga, joto na vumbi la huku kwetu. Jibu lake hupatikana kwa kusoma namba chache zilizo kwenye kamera yenyewe, na kisha kwa kuijaribu kwa utulivu kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kamera zinazozungumziwa hapa ni zile zenye lenzi moja isiyobadilishwa, kitundu cha kutazamia, na uwezo wa kumwachia mpiga picha apange mwenyewe kasi ya shata (muda ambao mwanga huachiwa uingie), ukubwa wa tundu la lenzi na kiwango cha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Katika kundi hilo wamo Nikon P1000 ya mwaka 2018, P950 ya mwaka 2020, Canon SX70 HS ya mwaka 2018, Panasonic FZ300 ya mwaka 2015, ambayo katika baadhi ya nchi huuzwa kwa jina la FZ330, na Sony RX10 IV ya mwaka 2017. Nitazitumia hizi kama mifano kwa kuwa vipimo vyake vinafahamika, lakini njia ya kupima ni ileile kwa kamera yoyote utakayokutana nayo dukani.

Namba zilizo kwenye pete ya lenzi

Namba ile ya kwenye boksi ni idadi ya mara za zumu, nayo hupatikana kwa kugawanya urefu mkubwa wa lenzi kwa urefu wake mdogo. P1000 huanzia milimita 24 na kufika 3000, kwa hiyo ni mara 125; RX10 IV huanzia 24 na kufika 600, kwa hiyo ni mara 25. Hesabu hii haisemi lolote kuhusu ubora, na hata kuhusu umbali inaweza kupotosha, kwa sababu kamera inayoanzia milimita 20 na kufika 1200 ina mara 60 sawasawa na ile ambayo ingeanzia 25 na kufika 1500. Basi uliza milimita za mwanzo na za mwisho, uziache mara zenyewe.

Baada ya hapo igeuze kamera, usome maandishi yaliyo kwenye pete inayozunguka kioo cha mbele. Kwenye P1000 utakuta 4.3-539mm pamoja na 1:2.8-8, ambazo ni namba za tundu la lenzi: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Hizo milimita ndizo urefu halisi wa lenzi, kwa kuwa milimita 3000 za matangazo ni ulinganisho tu na kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Chukua urefu halisi wa mwisho, 539, uugawanye kwa namba ya mwisho ya tundu, yaani 8, nawe utapata takriban milimita 67. Hicho ndicho kipenyo cha mlango ambao mwanga wa ndege aliye mbali unaingilia, na kwa maoni yangu hakuna namba nyingine moja inayofaa zaidi katika kulinganisha kamera za aina hii.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kamera nyingine. P950 ina milimita 357 na tundu la 6.5, hivyo mlango wake ni kama milimita 55. RX10 IV ina milimita 220 na tundu la 4, nayo ni milimita 55. SX70 HS, kwa milimita 247 na 6.5, inapata 38, na FZ300, kwa 108 na 2.8, inapata karibu 39. Mnunuzi aliyekuwa ametazama matangazo pekee angeamini kwamba P950, inayofika milimita 2000, imeiacha mbali sana RX10 IV inayoishia 600, ilhali kiasi cha mwanga kinachopokelewa kutoka kwa ndege yuleyule aliye mahali palepale ni kile kile. Tofauti iliyopo ni kwamba P950 huutawanya mwanga huo juu ya pikseli nyingi zaidi, yaani vile vinukta vinavyounda picha. Ukitaka picha ya RX10 IV ilingane na upeo wa milimita 2000, itakubidi uikate mpaka megapikseli 20 zake zibaki chini ya mbili. Kwa hiyo juani, ambako mwanga si tatizo, zumu ndefu hukupa manyoya ya ndege kwa undani zaidi. Jua likielekea kuzama, faida hiyo hupungua haraka.

Kuna kikomo kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo husambaa, na kwa tundu la 8 kila nukta ya mwanga huwa duara lenye upana wa takriban mikromita 10, wakati pikseli moja ya P1000 ina upana wa mikromita 1.3 hivi. Maana yake ni kwamba mwishoni mwa zumu pikseli kadhaa zinagawana taarifa moja. Si kasoro ya kamera uliyoishika, na hakuna mpangilio wa menyu utakaoiondoa. Kwa hiyo usiirudishe dukani kwa sababu hiyo, lakini pia usilipie megapikseli za ziada kwenye kihisi kidogo ukitumaini zitakupa undani zaidi.

Kihisi na jua la Dodoma

Kamera nyingi za zumu ndefu sana zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6, ambacho eneo lake ni kama milimita za mraba 28. RX10 IV ina kihisi kinachoitwa cha inchi moja, ingawa upande wake mrefu ni milimita 13.2 tu na ule mfupi 8.8, na eneo lake ni milimita za mraba 116, yaani zaidi ya mara nne ya kile kidogo. Kihisi kikubwa husamehe mambo mengi: chenga, yaani vinukta vinavyochafua picha ya mwanga hafifu, huchelewa kujitokeza, na mawingu meupe hayapotezi umbo lake upesi.

Swali la kujiuliza ni kama utauhitaji msamaha huo. Kanda ya kati hupata mvua kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki anga huwa wazi kwa siku nyingi mfululizo. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba kwenye jua kali, kwa tundu la 16, kasi ya shata ilingane na namba ya ISO, yaani sekunde 1/100 kwa ISO 100. Kwa tundu la 8 utapata 1/400, na kwa ISO 400 utapata 1/1600, kasi inayotosha kumgandisha hondohondo anayeruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Kwa tundu la 4 utaipata 1/1600 hata kwa ISO 100. Mpiga picha anayefanya kazi zake kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni hana sababu kubwa ya kukiogopa kihisi kidogo.

Mambo hubadilika kivulini na jioni. Katika kichaka cha miiba, au saa kumi na mbili jioni, mwanga hupungua hatua nne au zaidi, na kila hatua ni nusu ya ile iliyotangulia. Lenzi ya tundu la 8 itadai ISO 1600 ili ikupe 1/400 ileile, na kwenye kihisi kidogo ISO hiyo hugeuza manyoya kuwa kitu kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Vivyo hivyo katika Michoro ya Miambani ya Kondoa pale Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: huko zumu haina kazi kubwa, unachohitaji ni upana, tundu kubwa na kihisi kinachovumilia kivuli cha mwamba. Kama safari zako ni za namna hiyo, nakushauri uchague kihisi cha inchi moja bila kusitasita, hata kama jirani yako atakucheka kwa kununua mara 25 ilhali yeye ana 83.

Kuijaribu mkononi

Dukani, jambo la kwanza ni kuwasha kamera, kuvuta zumu hadi mwisho na kuiweka jichoni kwa dakika nzima. P1000 ina uzito wa kilo 1.4, RX10 IV kilo 1.1, P950 kilo moja. Tofauti hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi lakini mkono unaoning'inia hewani huzihesabu vizuri. Tazama kupitia kitundu badala ya skrini. Jua la Dodoma hufanya skrini ionekane kama kioo cheusi, kwa hiyo kitundu kibovu ni kamera mbovu. Hapa tofauti kati ya P900 ya mwaka 2015 na P950 ni fundisho zuri: lenzi zinafika umbali uleule, lakini kitundu cha P900 kina nukta 921,000 dhidi ya milioni 2.36, na P900 haihifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Anayeuziwa P900 iliyotumika kwa bei ya karibu na P950 asikubali.

Kisha omba ruhusa ya kutoka nje. Muuzaji asiyekubali utoke na kamera hata hatua kumi, ukiwa umemwachia simu au kitambulisho, amekwisha kukupa jibu.

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, ukutani penyewe pawe kivulini, usimame mita 20 kutoka hapo asubuhi mapema. Kwa milimita 3000 utaona upana wa sentimita 24 tu, na kwa milimita 600 utaona mita 1.2. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise, na upige kwa urefu wa mwanzo, wa kati na wa mwisho. Rudia kwa ISO 100, 400, 800, 1600 na 3200. Herufi ndogo za gazeti ni shahidi asiyependelea: ama zinasomeka ama hazisomeki. Linganisha pia pembe nne za picha ya urefu wa mwanzo. Pembe moja ikiwa na ukungu katika kila picha ilhali tatu ni safi, vioo vya ndani vya lenzi havikukaa sawa, na kamera hiyo iache hapohapo.

Baada ya hapo shika kamera mkononi bila stendi. Kanuni ya msingi ni kwamba kasi ya shata isipungue sekunde moja ikigawanywa kwa urefu wa lenzi unaotangazwa, yaani 1/2000 kwa milimita 2000. Kidhibiti mtikisiko hukuruhusu kushuka chini ya hapo. Hatua tano zinazotajwa na watengenezaji zingekupeleka hadi karibu 1/60. Piga picha kumi kwa kila kasi, kuanzia 1/1000 kushuka, uhesabu ngapi zimetoka safi. Ukipata saba kati ya kumi kwa 1/250, una kamera nzuri na mkono mzuri. Kumbuka tu kwamba kidhibiti hicho hutuliza mkono wako, hakimtulizi ndege.

Kufokasi ndiko kunakotenganisha kamera hizi zaidi ya jambo lolote nje ya lenzi. Kamera nyingi za kihisi kidogo hutafuta fokasi kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mpaka mistari iwe mikali, na mwishoni mwa zumu safari hiyo inaweza kuchukua muda ambao mnyama hatakusubiri. RX10 IV ina nukta 315 zinazopima umbali moja kwa moja, hivyo huenda kwenye fokasi bila kuyumba. Usipime kwa kitu kilichotulia. Simama salama kando ya barabara, ufuate bodaboda inayokuja kwako, au nenda uwanjani jioni ya mazoezi. Pima pia kwa kitu kilichojificha: wale kasuku wadogo wenye kichwa cheusi na ukosi wa njano, ambao ni wenyeji wa kanda yetu, wakikaa kati ya matawi ya mbuyu, kamera dhaifu hushika tawi la mbele na kumwacha ndege kwenye ukungu. Angalia kama unaweza kuipunguza fremu ya fokasi mpaka iwe nukta ndogo, na kama kuna kitufe cha kurudisha zumu nyuma kwa muda unapompoteza ndege, kama kilivyo kwenye P1000. Kwa milimita 3000, kumtafuta ndege aliyehama tawi bila kitufe hicho ni kazi ya kukatisha tamaa.

Uliza pia umbali wa chini wa kufokasi lenzi ikiwa imevutwa. P1000 huhitaji kama mita saba. RX10 IV hukubali sentimita 72. Kwa anayependa vipepeo na kereng'ende wa kando ya bwawa, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Hewa ya mchana

Wanunuzi wengi huhukumu kamera kwa kosa la hewa. Ardhi ya Dodoma ikishapata joto, kuanzia kama saa nne asubuhi, hewa iliyo juu yake hupanda na kuyumba, na lenzi ndefu huukuza mtikisiko huo pamoja na picha. Ukimpiga picha mnyama aliye mita 300 katika mbuga ya Swagaswaga saa saba mchana, atatoka kama aliyetazamwa kupitia maji yanayotembea, na kamera ya bei maradufu itakupa maji yaleyale.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Piga picha kumi mfululizo za kitu kimoja kisichosogea, kamera ikiwa kwenye stendi. Ukungu ukibadilika kutoka picha hadi picha, kingo zikipinda huku na kule, hiyo ni hewa. Ukungu ukiwa uleule na mahali palepale, lenzi ndiyo yenye hatia. Ndiyo maana majaribio ya zumu hufanywa kati ya macheo na saa tatu asubuhi, na kwa vitu vilivyo chini ya mita 50.

Mwezi nao ni kipimo kizuri kwa sababu ukiwa juu kabisa angani hauko nyuma ya joto la ardhi. Chagua siku ambazo ni nusu, wala usisubiri mwezi mpevu, kwa kuwa kwenye mpaka wa mwanga na giza mashimo yake hutupa vivuli vinavyoonyesha undani. Kwa ISO 100 na tundu la 8 anza na 1/50. Kwa milimita 3000 duara lake huzidi kidogo kimo cha picha.

Neno moja kuhusu mahali pa kufanyia majaribio: Dodoma ni makao makuu ya nchi, na lenzi ndefu huonekana kutoka mbali. Usiielekeze kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza wala majengo yenye ulinzi bila kibali, hata kama unachotafuta ni mwewe aliyetua juu ya uzio.

Vumbi na kamera iliyotumika

Watu husema kwamba kamera ya lenzi isiyobadilishwa haiingii vumbi. Ni kweli nusu. Kihisi hakifunguliwi hewani, lakini kila unapovuta zumu, mrija wa lenzi unaotoka nje huvuta hewa ndani, na kiangazi cha huku hewa hiyo ina vumbi jekundu. Likishaingia, mwenye kamera hawezi kulifuta mwenyewe. Ni kazi ya fundi wa kuifungua yote. FZ300 na RX10 IV zimetengenezwa zikiwa na kinga dhidi ya vumbi na matone. P1000 na P950 hazina. Kwa safari za Mtera au Bahi wakati wa upepo, naipa kinga hiyo uzito kuliko milimita elfu za ziada.

Kwa kamera iliyotumika, piga picha anga tupu au ukuta mweupe kwa tundu dogo kabisa kamera inaloruhusu, katika urefu wa mwanzo na wa mwisho, kisha uikuze picha. Madoa yanayobaki mahali palepale ni vumbi la ndani. Vuta zumu taratibu ukisikiliza. Mlio wa kusagika kama mchanga ni mchanga kweli. Tikisa mrija uliotoka kwa vidole viwili: kulegea kidogo ni kawaida, kuinama ukielekezwa chini si kawaida. Toa betri uitazame kama imevimba, na uhakikishe chaja au waya wake upo. Fungua menyu na kutafuta lugha, kwani baadhi ya kamera zilizouzwa kwa ajili ya soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, nazo hufika Kariakoo na baadaye kwetu bila muuzaji kulitaja jambo hilo.

Jaribu kila kitu kwa memori kadi yako mwenyewe, uliyokwisha kuijaza yote mara moja na kuisoma tena kwenye kompyuta, kwa sababu kadi bandia huonyesha ukubwa usiokuwapo na kupoteza picha zinazozidi ukubwa wake wa kweli. Mkikubaliana bei, namba ya kamera iliyo chini yake iandikwe kwenye risiti pamoja na siku za kurudisha, na siku hizo zianze kuhesabiwa asubuhi inayofuata, ili upate walau macheo mawili ya kurudia jaribio la gazeti ukiwa nyumbani.